Kirikuu ya umeme yenye bodi za kubadilisha: miezi saba ya Mabibo, Feri na milima ya Goba

Habari wadau. Tangu nianze kuonekana na haka kagari kasikopiga kelele, kila nikisimama mtu ananiuliza, dada hii inabeba kweli, betri ikifa inakuwaje, mvua ikinyesha je, sasa nimeona niandike yote kwa mara moja maana kuna mtu anataka kutoa pesa yake ya jasho na kule dukani watamwambia mazuri tu. Jina la walioniuzia sitalitaja, kuna mambo bado tunayamaliza kwa mazungumzo. Mi naongelea chombo chenyewe.

Ni kirikuu ya matairi manne, ndogo kidogo kuliko Suzuki Carry tuliyoizoea. Viti viwili, milango ni turubai na zipu, mota moja nyuma ya kilowati 5 ambayo kwa muda mfupi inaweza kwenda mpaka 10, volti 72, betri tatu za kuchomoa ambazo jumla yake ni kilowati-saa 11, yaani yuniti 11 za umeme. Spidi mwisho 50 na hapo ukiwa hauna kitu. Kilichonivuta hasa sio umeme. Kilichonivuta ni kwamba kuanzia nyuma ya kiti ni chesisi tupu, unapachika bodi unayotaka na kuifunga kwa pini nne, ukimaliza kazi hiyo unaitoa unapachika nyingine. Nililipa milioni 16 na laki mbili pamoja na bodi mbili, ya wazi yenye vibao pembeni na boksi lenye povu ndani la kutunza ubaridi, halafu baadaye nikaongeza fremu ya kubebea maji.

Kwa nini bodi tatu? Kwa sababu kazi yangu ndivyo ilivyo. Saa kumi alfajiri kijana wangu anashuka soko la Mabibo hapa Dar kuchukua ndizi, nyanya, matikiti, anapandisha Goba kwa wateja wangu wa magenge. Mchana magenge yametulia, gari zamani ilikuwa inalala, ila huku kwetu kila kona kuna mtu anajenga na wanaojenga wanataka maji, kwa hiyo mchana tunapeleka maji saiti. Ijumaa na Jumamosi kuna samaki wa soko la Feri, hao wanataka boksi na barafu. Kabla ya hapo nilikuwa na kirikuu ya petroli kwa ajili ya mboga, guta la kukodi kwa ajili ya maji, na samaki nilikuwa namlipa mtu, ukijumlisha hizo hela mwisho wa mwezi unakaa chini.

Sasa tuanze na hizo bodi maana ndio roho ya hii kitu.

Kwenye maonyesho dukani jamaa wawili walibadilisha bodi kwa dakika kama nane, nikavutiwa sana. Nyumbani siku ya kwanza ilituchukua saa nzima na watu wanne. Boksi tupu lina kilo 85, sio kwamba halinyanyuki, shida ni kulishika hewani huku mwingine anatafuta tundu za pini zikae sawa, ukikosea kidole kinabaki pale. Dukani walikuwa na stendi maalumu za kusimamishia bodi, miguu minne yenye skrubu, unairuhusu bodi isimame yenyewe halafu gari inajitoa chini yake. Hizo stendi haziji na gari, na bei waliyoniambia sikuielewa kabisa. Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea hapa hapa mtaani, nikamuonyesha picha, akapima, akakata mabomba ya mraba, akanitengenezea seti mbili kwa laki moja na themanini. Tangu siku hiyo dogo na mwenzake mmoja wanabadilisha bodi kwa dakika kumi na mbili, hakuna kelele hakuna mtu kuumia. Kwa hiyo ukinunua gari ya aina hii bila stendi jua umenunua gari ya bodi moja, maana hizo zingine zitakaa uani zinaota nyasi. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu namjua mwenzangu mmoja kafanyiwa hivyo hivyo, boksi lake sasa hivi wanalala kuku.

Pini zenyewe nazisifu. Ni nene, zina kufuli ya springi, kwenye barabara yenye mawe hazijawahi kuchomoka hata siku moja. Ila zinataka grisi kila wiki, na mpira unaokaa kati ya bodi na chesisi ulianza kuliwa mwezi wa tatu, bodi ikawa inagonga gonga kila shimo. Tulikata mpira wa tairi kuukuu tukaweka, imetulia mpaka leo. Kinachosumbua zaidi ni plagi ya umeme ya taa za nyuma, ile unayochomoa na kuchomeka kila unapobadilisha bodi. Imekaa chini karibu na tairi, vumbi na tope lote lake. Mara mbili taa za breki zimegoma, mara moja trafiki akamsimamisha kijana pale Makongo na alikuwa na haki yake kabisa, gari ya mizigo bila taa ya breki asubuhi giza bado ni kifo. Aliyechora hii gari angeihamisha plagi juu kidogo nyuma ya kiti shida ingekwisha. Sasa hivi tunaifunga na kipande cha tyubu ya pikipiki na tunapuliza dawa ya kuondoa unyevu.

Halafu kuna suala la kilo, hapa naomba msome taratibu. Tangazo linasema inabeba kilo 500. Mi nikajua ni kilo 500 za mzigo. Kumbe kibati kilichobandikwa kwenye chesisi kinasema 500 ni uzito juu ya chesisi, yaani bodi imo humo humo. Bodi ya wazi ni 60, kwa hiyo mzigo unabaki 440. Boksi ni 85, unabaki 415, na hapo barafu nayo ni mzigo. Kwa gari ya kawaida huu ujanja hauonekani sababu bodi imeshachomelewa na wameshaitoa kwenye hesabu, lakini kwenye gari ya bodi za kubadilisha ni lazima uulize, 500 ya nini? Sio kwamba ukizidisha haitembei, itatembea, utakachoona ni springi zimelala, tairi zinaliwa upande na betri inaisha kabla hujafika.

Maji ndio yalinifundisha hasa. Nilianza na tangi la plastiki la lita 500. Lita 500 ni kilo 500, tangi lenyewe na fremu yake ni kilo nyingine 35, tayari umezidi. Nikamwambia dogo ajaze 450 tu. Kumbe tangi lisilojaa ndio baya zaidi, maji yanapata nafasi ya kukimbia, ukikata kona yanakwenda upande mmoja, ukishika breki yanakuja mbele yanakusukuma, na gari ni nyepesi, bila bodi ina kilo 430 tu na betri zake. Siku moja kwenye kona ya kushuka Kinzudi tairi la nyuma kulia liliachana na ardhi kidogo. Dogo alinipigia simu sauti inatetemeka. Siku hiyo hiyo tukaachana na tangi. Sasa tunabeba mapipa mawili ya lita 210 yaliyojaa mpaka juu na kufungwa vifuniko, jumla lita 420, maji hayana pa kukimbilia, gari imetulia kama imebeba saruji. Unayebeba maji, mafuta ya kula au maziwa kwenye gari nyepesi, usije ukasahau hili.

Betri sasa. Ni lithiamu aina ya LFP, ile yenye chuma na fosfeti, ni nzito kuliko lithiamu za kwenye simu ila inavumilia joto vizuri na inachajiwa mara nyingi sana kabla ya kuchoka, kwa joto la Dar naona ndio chaguo sahihi na nisingekubali aina nyingine. Zimegawanyika tatu, kila moja kama kilo 33, unaweza kuchomoa moja ukaiingiza ndani. Hii imenisaidia kuliko nilivyofikiria, umeme ukikatika usiku nachomeka kigeuza umeme (inverter) kwenye betri, friji la samaki linaendelea mpaka asubuhi.

Tangazo lilisema kilomita 120. Kwenye barabara ya lami iliyonyooka bila mzigo na spidi 35 pengine. Kwangu mimi, mzigo wa kilo 400, kupanda na kushuka, foleni, nusu barabara ya vumbi, ni kilomita 75, siku nzuri 80. Hiyo namba nimeihakiki mara nyingi sana kwa miezi saba na kilomita elfu kumi na moja na mia nne, kwa hiyo ichukue kama ilivyo. Kutoka Goba kwenda Mabibo na kurudi ni kama kilomita 30, inabaki ya kutosha kwa maji ya mchana ukichaji masaa matatu au manne katikati. Feri ni safari ndefu, kwenda na kurudi inafika hamsini, siku za samaki hatufanyi maji, tumekubali hivyo.

Ila asilimia za kwenye kioo zinadanganya. Mwezi wa kwanza ilikuwa inaonyesha 22, dogo akaona inatosha, akakunja kwenda kumshushia mteja mmoja Makongo, ghafla ikashuka mpaka 6 na gari ikaanza kutambaa. Tulidhani betri ni mbovu, kumbe betri za LFP ndio tabia yake, volti yake inakaa karibu ile ile kuanzia juu mpaka karibu na mwisho, kwa hiyo ile saketi ya ndani inashindwa kukadiria kimebaki kiasi gani, inahesabu tu umeme unaoingia na kutoka na kidogo kidogo hesabu inapotea. Dawa yake ni kuchaji mpaka 100 kamili angalau mara moja kwa wiki na kuiacha kwenye chaja masaa mawili zaidi, hapo inajirekebisha na seli zinalingana. Kitu rahisi kama hicho hakuna aliyeniambia wakati wa kununua, kijitabu ni Kichina na Kiingereza cha kubahatisha. Nimemwandikia dogo kwa Kiswahili kwenye karatasi nimebandika ndani ya gari: JUMAPILI JAZA MPAKA MWISHO.

Gharama. Chaja inakula kama wati 1,800, kujaza kutoka chini kabisa ni masaa saba, na ukiweka umeme unaopotea kwenye chaja ni kama yuniti 12 na nusu. LUKU yangu yuniti ni shilingi 356, kwa hiyo kujaza ni kama 4,450, gawanya kwa kilomita 75 unapata shilingi 60 kwa kilomita. Kirikuu yangu ya petroli na mzigo ule ule ilikuwa inakwenda kilomita 11 kwa lita na petroli ikiwa karibu elfu tatu, ni kama 270 kwa kilomita. Hapo sijaweka oili, plagi, mkanda, klachi. Kwa kilomita nilizotembea tofauti ni zaidi ya milioni mbili na laki tatu kwa miezi saba, hizo ni pesa nimeziona kwa macho kwenye daftari. Na umeme wenyewe siku hizi, tangu Bwawa la Nyerere pale Rufiji lianze kufua zile megawati zake 2,115, kwangu unakatika lakini sio kama zamani.

Milima. Goba mnaijua. Bila mzigo inapanda kama mbuzi. Na kilo 400 inapanda kwa spidi 18 hivi, inafika, ila ukipanda mara tatu mfululizo bila kupumzika kontrola, ile saketi inayosimamia umeme wa mota, inapata joto inakata nguvu nusu, inabidi usimame dakika kumi kivulini. Wakati wa maji ndio tunaliona sana hilo. Kwenye kushuka kuna jambo ambalo kila dereva wa gari ya umeme anayekaa mlimani alijue. Ukiachia pedali mota inageuka jenereta, inarudisha umeme kwenye betri na gari inajishika yenyewe, unashuka bila kugusa breki, raha sana. Lakini betri ikiwa imejaa 100 hakuna pa kuuweka huo umeme, kwa hiyo hiyo breki ya mota haipo. Na sisi tunalala mlimani, tunachaji usiku, alfajiri betri imejaa na kitu cha kwanza ni kuteremka! Siku za mwanzo dogo alifika chini breki zinanuka. Sasa siku za kazi tunaishia 90, tunajaza kamili Jumapili tu, na hata Jumatatu anashuka kwa spidi ndogo na breki za miguu akijua kabisa hana msaada.

Masika ilipita nayo. Maji ya kufika katikati ya tairi imevuka bila shida, zaidi ya hapo sijaruhusu. Turubai za milango hazisaidii kitu, dereva analowa, nimemnunulia koti la mvua. Na ukimya wake ni hatari sokoni, pale Mabibo alfajiri watu wamebeba mikungu begani hawakusikii kabisa, tumeongeza kengele ya baiskeli sababu honi inawashtua watu wanaangusha mzigo.

Kuna habari moja huwa naiwaza nikiiangalia hii gari yangu. Mwaka 2013 watu wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich kule Ujerumani walianza kubuni gari ya umeme kwa ajili ya vijijini Afrika, wakaiita aCar. Wakaipeleka Ghana kuijaribu kwenye joto na vumbi, na Septemba 2017 wakaionyesha Frankfurt. Ilikuwa inabeba tani moja, betri kilowati-saa 20, kilomita kama 80, mota mbili za kilowati 8, moja mbele moja nyuma ili isukume kwa magurudumu yote, volti 48 tu ili fundi wa kawaida aiguse bila kuhofia maisha yake, na nyuma unabadilisha bodi, leo mizigo, kesho chumba cha daktari au mtambo wa kusafisha maji. Lengo lao bei iwe chini ya yuro elfu kumi. Waliofikiria vile waliielewa kabisa barabara ya Lushoto au ya Makete. Lakini ilipoingia sokoni kupitia kampuni ya EVUM Motors ilikuwa ni Ulaya, kwa halmashauri za miji na wakulima wa huko, na ukiweka kodi bei ilishapita yuro elfu thelathini. Huwa naumia nikifikiria. Wazo lilikuwa kwa ajili yetu, tumbo lenye njaa lilikuwa letu, na gari ikaenda kukata nyasi kwenye bustani za wenzetu. Hizi za bei ya chini tunazopata sisi zina wazo lile lile ila chuma chembamba na kijitabu kisichosomeka, na bado, hata hivyo, zinalipa. Ndio maana naona fundi wetu wa kuchomelea akipewa vipimo vya zile tundu nne za pini tu, vipimo tu, bodi zote zingetengenezwa hapa, za kuku, za mkate, za gesi. Mi nimeomba huo mchoro kwa wauzaji mara tatu kwa maandishi na bado naendelea kuomba.

Waranti wanasema betri miaka mitatu, ila kuna mstari unasema haihusu gari iliyozidishwa mzigo, na kontrola inarekodi kila kitu, kwa hiyo ukizidisha wataona. Spea za kawaida kama breki, beringi na shokapu zinafanana na za bajaji za mizigo, zinapatikana Kariakoo. Kontrola hazipatikani mtaani, ikifa unasubiri meli. Kwa hilo natunza akiba ya laki saba pembeni, siigusi.

Nani anunue? Mwenye kazi mbili au tatu tofauti ndani ya kilomita 70 kwa siku, mwenye sehemu ya kuchajia kwake na uani penye nafasi ya kusimamisha bodi zingine. Mwenye kazi moja tu ya mzigo mzito anunue kirikuu ya kawaida au guta kubwa, hizi bodi hazitamsaidia kitu. Na siku unakwenda kuiangalia usikubali kuijaribu uwanjani kwao, beba mifuko minane ya saruji, mwambie muuzaji apande mbele mkaupande mlima wowote ulio karibu mara tatu bila kusimama, halafu mkirudi mwambie akubadilishie bodi hapo hapo na watu wawili bila zile stendi zake.